Kapiteni na Mgonjwa Wake

"Soda wa wapi anavaa kioo mu kifua? Anaenda ku vita, ao anaenda kunyoa ndevu?"

Mwalimu wetu wa darasa la sita aliniuliza hivyo mbele ya wenzangu wote, huku ameinua picha ya familia yetu kwa ncha za vidole viwili. Alikuwa ametuagiza kila mtoto alete kitu cha zamani kutoka nyumbani. Mmoja alileta pasi ya makaa, mwingine kofia ngumu ya babu yake ya kiwandani. Mimi nilileta picha ya askari, soda kama tunavyosema kwetu. Nilikuwa nimejitolea kuzungumza wa kwanza, hadithi yote nimeikariri njiani, na sasa nilisimama pale nikikodolea macho kioo kidogo cha mviringo ambacho sikuwahi kukitambua, ingawa picha ile niliijua tangu utoto. Darasa zima lilicheka. Hadi ninamaliza shule ya msingi niliitwa Madame Kioo.

Picha yenyewe haizidi kiganja. Wanaume wawili wako mbele ya ukuta wa matofali. Wa kushoto amesimama: kofia yenye ukingo, mkanda mpana, utepe unaokatiza kifua kutoka begani hadi kiunoni, kile kioo kimeshonwa katikati ya utepe, filimbi kwenye mnyororo, fimbo kwapani. Viatu vyake ni vya ngozi, virefu, vimepigwa rangi hadi vinang'aa. Wa kulia amechuchumaa. Amevaa kaptula na shati lisilo na pambo lolote, na miguu yake yote miwili imezungushiwa kitambaa kutoka vifundoni hadi chini ya magoti. Nyayo ziko wazi, vidole vimetawanyika juu ya vumbi. Hatazami kamera. Anatazama viatu vya mwenzake.

Hadithi tuliyolelewa nayo ilikuwa hivi. Yule aliyesimama ni baba wa kaku. Kwetu sisi wenye asili ya Kasai, bibi anaitwa kaku, na kaku huyu ndiye aliyemzaa baba yangu. Baba yake alikuwa kapiteni katika vita vya Abisinia, wakati Wabelgiji walipowatuma watu wa Kongo kwenda kupigana na Waitalia. Yule aliyechuchumaa ni majeruhi aliyepigwa risasi miguu yote miwili, na kapiteni akambeba mgongoni hadi hospitali. Ndiyo maana miguu ina bandeji, na ndiyo maana anavitazama viatu vile: ni shukrani. Baba zangu wadogo waliisimulia kila sikukuu, na kila mwaka njia ya kwenda hospitali ilizidi kuwa ndefu. Mwaka mmoja waliongeza mto. Mwaka uliofuata mto ukapata mamba.

Kaku mwenyewe hakuisimulia kamwe. Akiombwa, alinyoosha kidole, akakiweka juu ya viatu vya yule aliyesimama, akasema, "Ule." Basi.

Sisi watoto tuliicheza hadithi hiyo uani kwake, Shituru, mjini Likasi. Mmoja alikuwa kapiteni na mpini wa fagio kwapani. Mdogo kuliko wote alikuwa mugonjwa, tulimfunga matambara miguuni, akalia "Kapiteni, unibebe!" na sisi tukamzungusha uani tukiimba. Hakuna aliyetaka kuwa mugonjwa. Kaku alikuwa akichambua maharagwe kwenye kizingiti, na mchezo ulipofika hapo aliinuka na ungo wake akaingia ndani. Tulifikiri makelele yetu yanamchosha.

Baada ya aibu ya shuleni, sikucheza tena. Nikawa mtoto wa maswali. Baba mdogo alipofika kwenye mto wenye mamba, niliuliza mto huo unaitwaje. Niliuliza kapiteni aliongoza watu wangapi, na kioo kile alipewa na nani.

"Weye," alisema siku moja, amenielekezea mfupa wa kuku, "siku ukiolewa, bwana yako ataomba ruhusa ya kukohoa mu nyumba yake."

"Na mbele ya kumupa ruhusa," akadakia mdogo wake, "atamuomba kwanza ushahidi ya kama iko na kifua."

Walicheka wote. Nilimtazama kaku nikitegemea msaada, lakini yeye alikuwa anaitazama sahani yake.

Chuo kikuu cha Lubumbashi nilisoma historia. Nikisema nilikwenda kutafuta maarifa nitakuwa nimedanganya; nilikwenda kumtafutia jibu mwalimu wa darasa la sita. Nililipata mapema. Katika jeshi la koloni la miaka ile hakuna Mwafrika aliyepewa cheo cha afisa. Hakukuwa na kapiteni mweusi, awe na kioo au asiwe nacho. Baadaye, katika somo lingine, tulisoma kuhusu mbeni, ngoma ya miji ya migodi: watu walijipanga kama jeshi, wakajipa vyeo vya wazungu, kapiteni, jenerali, hata gavana, wakashona sare za fahari na kucheza siku za mapumziko kwa ngoma na filimbi. Mhadhiri alieleza utepe, fimbo, vioo vilivyoshonwa kifuani vimulike jua. Nilikaa nyuma ya ukumbi huku uso unanichoma. Mamba wote wale tulikuwa tumewaogelesha kwa ajili ya mcheza ngoma.

Katika maktaba nilitafuta kitabu cha picha za jeshi la koloni, nikapiga picha kurasa kadhaa kwa simu. Nilivikuza vifua vyote, kimoja baada ya kingine. Hakuna kioo, hakuna utepe. Niliridhika. Nyumbani sikusema kitu. Nilijiambia ni huruma, lakini ilikuwa aibu: sikutaka kuwa mtu wa ukoo ule, wala kuwa mtu wa kuuambia.

Nilirudi Likasi kufundisha sekondari. Miaka ikapita, hadi siku kaku aliponipigia simu. Parokia ingefanya misa ya kuwaombea waliokwenda vita vya wazungu. Kila familia yenye picha iilete ukumbini baada ya misa, mtu wa familia asimame, amwonyeshe mzee wake na kueleza. Mama presidente, kiongozi wa chama cha akina mama, alikuwa ameshamwandika kaku kuwa wa kwanza.

"Weye njo uliyesoma," kaku alisema. "Kuya, uniandikie kartasi ya kuweka chini ya foto."

Nilimwona akilini akiwa pale mbele na picha yake, na kijana yeyote mwenye simu akiuliza kuhusu kioo. Niliisikia sauti ya mwalimu wangu. Nikaamua kumzuia. Ili nisiende mikono mitupu, usiku huo nilifungua tena zile kurasa nilizozipiga picha maktabani.

Ilikuwa safu ya askari kwenye gwaride, kabla hawajaondoka kwenda Abisinia. Nilikuwa nimewatazama mara nyingi kutoka mkanda kwenda juu. Safari hii nilishuka chini. Kila mmoja wao alikuwa amezungushiwa kitambaa kutoka vifundoni hadi chini ya magoti, kimekazwa vizuri, mkunjo juu ya mkunjo. Na chini ya kitambaa, nyayo tupu juu ya udongo. Safu nzima ya wagonjwa wetu.

Nilitoa picha ya nyumbani, niliyokuwa nayo kwenye simu hiyohiyo, nikaziweka pamoja. Bandeji hazikuwa bandeji. Ilikuwa sare. Kulikuwa na askari mmoja tu mbele ya ukuta ule wa matofali, naye ndiye tuliyekuwa tukimzungusha uani na matambara.

Kesho yake nilikwenda Shituru. Kaku alikuwa amekwisha kuipiga pasi nguo ya misa. Nilimwonyesha ile safu, nikamweleza mambo ya sare, ya vyeo, ya mbeni, taratibu kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Nilipofika mwisho nilisema, "Kaku, huyu kapiteni si askari. Askari ni huyu wa chini. Sasa yeye ni nani?"

Alinirudishia simu. Akalaza mikono juu ya mapaja.

"Ule njo baba yangu," alisema.

Nilidhani hajaelewa swali. Nililirudia.

"Minye haiko kiziwi. Ule wa chini, mwenye haiko na viatu. Njo baba yangu. Ule wa viatu ni mujomba, kaka ya mama yangu. Mujomba hakuenda ku vita hata siku moja. Alikuwa anacheza mbeni."

"Kaku unajua mbeni?"

"Nilizaliwa mu mbeni, mutoto. Weye uliisoma."

Nilimuuliza kwa nini siku zote alituonyesha yule wa viatu, na hapo ndipo alipoanza kunieleza, bila kunitazama. Baba yake alifariki akiwa yeye bado msichana mdogo. Baada ya vita hakupata kazi ya kiwandani. Alichoma makaa upande wa Kamatanda na kuyauza mjini kwa baiskeli. Hakuvaa viatu maisha yake yote. Jioni kaku alimpaka mawese kwenye nyufa za visigino. Alipokufa, yeye akachukuliwa na shangazi Kolwezi, na huko ndiko alikoolewa. Bwana wake, babu yangu, alikuwa karani, mtoto wa karani. Alimleta hapa kwenye kambi ya kampuni ya migodi na sanduku moja, na picha ile ndani yake.

"Wiki ya kwanza, bamama ya ku robine, kule tunachota mayi, balikuja kuniangaria. Mama ya bwana yangu alitoa foto mu sanduku yangu, akaipitisha mu mikono. Moja anasema, 'Uone huyu na vidole sawa tangawizi!' Banacheka. Minye pia nilicheka. Kiisha mama ya bwana yangu anauliza, 'Bibi mupya, baba yako ni ngani?'"

Alinyoosha kidole hewani, juu ya picha isiyokuwapo.

"Kidole ilienda peke yake. Ilienda ku viatu."

"Na majeruhi? Na risasi?"

"Balisema, 'Na huyu wa bandeji?' Nikasema mugonjwa. Ile ingine yote, baba zako balizaa benyewe mu bilauri ya pombe."

Nilitaka kucheka kwa sababu ya bilauri, lakini nilikumbuka matambara, na ungo wake wa maharagwe. Alikuwa anainuka kwa sababu tulikuwa tunamcheza baba yake.

Nilimwambia picha tuiache nyumbani. Hakuna wa kumlazimisha kwenda. Nilisema kwa upole, na nilijua kwamba ninajiokoa mimi.

"Apana," alisema. "Petro alikana mara tatu, jogoo akalia, akamaliza. Minye jogoo inalia kila siku, na ningali nakana. Bale ba ku robine, babili bangali bazima. Nitamuita mbele yabo. Sitaki kumufikia kule mbinguni na hii kidole."

Basi nikaandika karatasi. Maneno tuliyachagua pamoja: baba yangu, aliyechuchumaa, askari wa vita vya Abisinia. Alinitaka niisome mara mbili na akaridhika na neno "aliyechuchumaa". Alisema baba yake alipenda kukaa hivyo.

Jumapili ukumbi ulijaa. Picha zilikuwa juu ya meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Nyingi za wazee waliozeeka, wachache katika sare. Karatasi yetu nilikuwa nayo mkononi, kwa sababu kaku alitaka kwanza aseme yeye, ndipo iwekwe. Mama presidente alimshika mkono akamsimamisha. Ni mwanamke mwenye kicheko kikubwa, na zamani alikuwa mmoja wa wale wa kwenye bomba la maji.

"Bamama, mupige makofi! Leo kapiteni wetu anafika! Na mugonjwa wake!" Watu wakacheka kwa upendo. Hakuna aliyekuwa na ubaya wowote. "Eh, mama, tuonyeshe. Baba yako ni ngani?"

Swali lilelile, mbele ya watu walewale. Kaku aliishika picha kwa mkono wa kushoto. Kidole cha kulia kilitoka, kikaenda juu ya mwanaume aliyechuchumaa, na kikasimama hewani. Mama mzee kwenye benchi la mbele, naye wa bomba lile lile, aliinamisha kichwa ili aone vizuri. Kaku aliutazama uso wake, akazitazama nguo zetu, viatu vya watu wote mle ndani. Kidole kikasogea upande wa kushoto, kikashuka, kikatua juu ya viatu.

"Ule," alisema.

Makofi yakapigwa. Mama presidente alipiga vigelegele. Kijana wa kwaya akanikazia macho, akaniita kama dada yake mkubwa, "Yaya, kartasi," akinyoosha mkono kuipokea.

Ningeweza kumpa. Kila neno juu yake lilikuwa kweli. Miaka yote nilikuwa nimemsumbua kila mtu kwa ajili ya ukweli, nikaharibu sikukuu za watu kwa ajili ya mto usio na jina, na sasa nilikuwa na ukweli mkononi, nimeuandika kwa herufi kubwa. Niliikunja karatasi. Niliomba nyingine, nikaegemea ukuta, nikaandika: Askari wa vita vya Abisinia. Sikusema yupi. Nilijua kila atakayesoma atamtazama nani.

Niliitafutia sababu papo hapo, kwa maana hilo ndilo nililosomea. Nilijiambia kwamba ukweli ule ni wa kaku, si wangu wa kutoa. Labda ni kweli. Lakini nilipoiweka chini ya picha niliona kwamba nafurahi hakuna aliyeuliza kuhusu kioo.

Tulirudi kwa miguu. Barabara ya Shituru ilikuwa na vumbi, na kaku alitembea katikati yake bila kuwapisha watu wa baiskeli, nao wakampigia kengele na kumzunguka. Alikuwa ameibana picha kwapani kama kitabu cha nyimbo. Karibu na reli alisimama.

"Nilijaribu," alisema. "Uliniona?"

"Nilikuona, kaku."

"Kidole ilikataa."

Nilimshika mkono tukavuka reli. Mbele kidogo aliinama, akavua viatu vyake vya misa, akavishika mkononi. Alisema vinambana. Tulitembea hivyo hadi nyumbani, na waliotusalimu njiani waliangalia kwanza chini, kisha uso wake. Hakuvivaa tena hadi mlangoni. Sijui kama ilikuwa toba au ni maumivu ya miguu tu. Sikuuliza, na hilo lilikuwa jipya kwangu.

Kaku hakupelekwa tena parokia na miguu yake. Alifariki kabla ya masika kwisha. Nilikuwa nimeifikiria sana siku ya kuwaeleza baba zangu wadogo. Niliwaeleza baada ya mazishi, na wa kwanza kutikisa kichwa alikuwa yule wa mfupa wa kuku. Alisema nimeanza tena. Kisha akauliza kama ni kweli mzee yule aliuza makaa, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiwafukuza wauza makaa mlangoni.

Picha tuliiweka uani kwenye meza ndogo wakati wa matanga, karibu na mshumaa. Siku ya kufunga matanga alikuja mwanamke kutoka Lubumbashi, mnene, mchangamfu, mjukuu wa yule mjomba mcheza mbeni. Hatukuwa tumewahi kuonana. Alitoa heshima zake, akainama juu ya picha, na papo hapo akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika.

"Munisamehe," alisema alipoona ninamtazama. "Sicheki maiti. Ni viatu. Kwetu, mutoto akijivunia kintu ya kuazima, tunamuambia: 'Usitambe na viatu ya shemeji.' Nilifikiri ni mezali tu. Sikujua iko na foto."

"Shemeji gani?"

Aliweka kidole juu ya mtu aliyechuchumaa.

"Huyu. Kambo yetu, babu yetu wa mbeni, alikuwa na sare, alikuwa na filimbi, hakuwa na viatu. Ile ni viatu ya shemeji yake, ule soda. Alitoka nayo ku vita, Abisinia, ilikuwa ya Mutaliani. Ilikuwa inamuuma, miguu yake ilizoea udongo, lakini alikuwa anaipiga rangi kila siku ya posho. Siku ya mbeni alikuwa anamuazima kambo, anakaa chini pembeni, anailinda mupaka ngoma inaisha."